Sukuma Wiki Kwenye Theluji: Siku ya Kusia Mbegu na Siku ya Kusubiri

 

Leo katika kona yetu ya afya sitazungumzia vidonge. Nitazungumzia mboga za majani, na hasa jambo moja linalowashinda wengi wetu tunaoishi nchi za theluji: ni lini mbegu iwekwe nje. Utajiuliza nesi ameingiaje kwenye mambo ya shamba. Tulia kidogo, nitakueleza.

NESI NA BUSTANI WAPI NA WAPI?

Kazini kwangu hapa Minnesota huwa nawapima ndugu zetu presha na sukari, kisha nawauliza wanakula nini. Mwezi wa pili majibu yanafanana: wali, ugali, nyama, chapati, chai. "Na mboga?" nauliza. "Aah dada, mboga za hapa zina bei, tena hazina ladha." Lakini nikiwauliza watu wale wale mwezi wa nane, wale wenye kijibustani nyuma ya nyumba hunitajia sukuma wiki, mchicha, kunde, majani ya maboga, na wanakula karibu kila siku.

Mtu ni yule yule na presha ni ile ile. Tofauti ni bustani. Na bustani ya hapa ina tabia ya treni, ukichelewa umeachwa. Kwetu Minnesota watu wengi hawaamini udongo wa nje mpaka katikati ya Mei, na mwanzoni mwa Oktoba jalidi inarudi kuua mimea. Hiyo ni chini ya miezi mitano. Ukipoteza mwezi mmoja kwa kupanda vibaya, umepoteza zaidi ya sehemu ya tano ya msimu wako. Kwa hiyo mboga utakayokula Juni, uamuzi wake unafanyika sasa hivi, theluji ikiwa bado iko mlangoni.

MAKOSA YANGU MAWILI

Nisijifanye mjuzi. Mwaka wangu wa kwanza hapa, 2009, wiki ya mwisho ya Machi jua liliwaka vizuri, theluji ikayeyuka, nikasema alhamdulillahi, baridi imekwisha. Nikamwaga mbegu za mchicha, bamia na kunde. Nilisubiri wiki tatu. Nilipofukua, kunde zilikuwa zimeoza na nyingine sikuziona kabisa. Juu kulikuwa na jua, lakini chini udongo ulikuwa baridi kama friji.

Mwaka uliofuata nikasema safari hii nitawahi. Mwanzoni mwa Novemba nikasia mbegu za sukuma wiki na spinachi kwenye madumu, nikayaweka nje. Ikaja wiki moja ya joto, zikaota zote, nikafurahi. Wiki iliyofuata baridi ilishuka sana na kila mche uliganda.

Ona basi: mara ya kwanza niliiweka nje mbegu isiyoweza kusubiri. Mara ya pili niliiweka mbegu inayoweza kusubiri, lakini kabla baridi haijatulia. Makosa hayo mawili ndiyo somo letu lote la leo.

MBEGU HAITAZAMI KALENDA

Sisi tumezoea kupanda kwa kufuata mvua. Masika ikikaribia shamba liwe tayari, vuli vivyo hivyo. Lakini wale waliokulia Dodoma, Singida au Ukambani wanakumbuka kitu kingine: wazee hupanda mbegu kwenye vumbi, udongo mkavu kabisa, kabla hata wingu halijaonekana. Mbegu inakaa pale imelala. Mvua ya kutosha ikinyesha inaamka yenyewe, na mwenye shamba hilo anamtangulia jirani aliyengoja mvua ndipo ashike jembe.

Kusia mbegu kwenye theluji ni jambo lile lile. Huku mbegu hailazwi na ukame, inalazwa na baridi. Kinachoiamsha ni joto la udongo. Unaiweka nje mapema, na yenyewe inachagua siku yake. Bibi mmoja wa Long Island, New York, Trudi Davidoff, ndiye aliyeifanya njia hii ya madumu ijulikane sana hapa Marekani, na leo watu wengi wa majimbo ya baridi wanaitumia.

Lakini kila mbegu ina joto lake la kuamka. Spinachi, saladi na vitunguu huanza kuota udongo ukiwa na nyuzi 35 tu za Fahrenheit (karibu 2 za Selsiasi). Sukuma wiki, kabichi, karoti na njegere huhitaji kama nyuzi 40 (4 za Selsiasi). Nyanya hutaka 50 (10). Maharage, kunde, bamia, matango na maboga hutaka 60 (karibu 16) kwenda juu. Chini ya hapo mbegu zao hunywa maji, hulala kwenye ubaridi na kuoza, kama kunde zangu za 2009.

Kuna na suala la mwanga. Dar es Salaam au Nairobi mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Hapa Minneapolis, tarehe 21 Desemba mchana una saa 8 na dakika 46 tu. Mche ukipata chini ya saa 10 za mwanga haukui, unajikalia tu. Saa 10 tunazifikia mwanzoni mwa Februari. Kwa hiyo hata ukisia Desemba, hutamshinda aliyesia Februari.

RATIBA YA MAKUNDI MATATU

Tarehe hizi ni za Minnesota na majimbo yenye baridi kama yetu. Kwa walio kwingine, nitawasemesha chini.

1. Wavumilivu: mwisho wa Januari hadi katikati ya Machi. Hawa ni sukuma wiki (kwenye pakiti tafuta jina collards au kale), kabichi, spinachi, saladi na vitunguu. Wasie kwenye madumu, nje, theluji ikiwepo. Baridi ya wakati huu imetulia, haitawadanganya waote mapema.

2. Wa katikati: Aprili. Nyanya sia kwenye dumu nusu ya kwanza ya Aprili. Chainizi nayo isubiri Aprili, kwa sababu ikipigwa na baridi ndefu ikiwa bado mche hukimbilia kutoa maua badala ya majani. Njegere na karoti hazipendi kuhamishwa, hivyo ziende moja kwa moja kwenye bustani, udongo ukishayeyuka na kukauka kiasi cha kushikika bila kuganda mkononi kama tope.

3. Wenye joto: mwisho wa Mei. Mchicha (terere kwa ndugu zetu wa Kenya), mnavu (managu), kunde, bamia, maboga, maharage na matango. Hapa ndipo tunapoumia, kwa sababu ndizo mboga tunazozitamani zaidi. Vumilia. Nunua kipimajoto cha udongo, kichomeke asubuhi kiasi cha vidole vitatu kwenda chini. Kikisoma nyuzi 60 au zaidi siku kadhaa mfululizo, panda. Mchicha utaota kwa siku chache na kukupita mbio. Aliyeupanda mwisho wa Mei kwenye udongo wa joto huvuna kabla ya aliyeupanda mwanzo wa Mei kwenye udongo wa baridi.

NAMNA YA KUTENGENEZA KITALU CHA DUMU

- Chukua dumu la maziwa la galoni moja, lile linalopitisha mwanga. Lioshe vizuri. Usitumie dumu la sabuni, jiki wala dawa.
- Toboa matundu sita hadi kumi chini yake ili maji yatoke. Bila matundu mbegu zitazama.
- Likate katikati kuzunguka, lakini acha sehemu ndogo chini ya mkono wa kushikia, lifunguke kama sanduku.
- Jaza udongo wa mifuko wa kupandia miche, kina cha inchi 3 hadi 4. Umwagilie mpaka ulowe, uache uchuruzike.
- Sia mbegu 15 hivi. Fukia kidogo tu, kina kisizidi mara mbili ya unene wa mbegu.
- Funga kwa utepe mpana wa gundi. Kifuniko cha juu kitupe! Tundu lile ndilo linaloingiza theluji na mvua na kutoa joto lililozidi.
- Andika jina la mboga na tarehe kwa penseli kwenye kipande cha plastiki, ukitie ndani. Wino wa kalamu hufifia kwa jua, penseli hubaki.
- Weka nje mahali penye jua, pasipo na upepo mkali, na pasipo chini ya paa, ili theluji na mvua viingie.

Kisha liache. Likifunikwa na theluji usilifukue, theluji ni blanketi. Likiganda kama jiwe usiogope.

ZIKISHAOTA

Kwa kawaida sukuma wiki zitaanza kuchungulia Aprili. Hapa ndipo watu wengi hupata huruma na kuingiza dumu ndani. Usifanye hivyo. Joto la ndani na mwanga hafifu vitairefusha miche iwe dhaifu kama uzi, na ukiitoa tena itakufa. Miche iliyozaliwa nje imeshazoea nje.

Tazama maji mara mbili kwa wiki. Dumu likiwa jepesi ukilinyanyua, mwagilia. Mchana ukizidi nyuzi 50 (10 za Selsiasi), fungua dumu, jioni ulifunge. Usiku ukitabiriwa kushuka chini ya nyuzi 25 (karibu -4), funika kwa blanketi kuukuu mpaka asubuhi. Miche ikipata majani halisi mawili hadi manne, hamishia bustanini, kwa sukuma wiki mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Ukiiacha nafasi ya futi moja na nusu kati ya shina na shina, Juni unachuma. Na usiing'oe jalidi ya Oktoba ikija, kwa sababu baridi huifanya sukuma wiki itengeneze sukari na kuwa tamu zaidi. Mara nyingi nachuma hadi Novemba.

MAMA NA MADUMU

Niwaambie na sababu nyingine inayonifanya nilisisitize jambo hili. Mama yangu alipokuja kuishi nasi mwaka 2015, majira ya baridi ya kwanza yalimwelemea. Alikuwa mkulima maisha yake yote. Ilipofika Januari alikuwa anakaa dirishani kutwa, hataki kupika, analala mchana, chakula anakisogeza pembeni. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, hii nchi imekufa."

Mimi ni nesi, lakini kwa mama yangu nilichelewa kuona. Nilidhani ni upweke tu wa kuzoea. Tulipompeleka kwa daktari, alikuwa na sonona ya majira ya baridi na vitamini D iko chini. Alitibiwa, akawa anaendelea taratibu. Mwezi wa pili nikatoa madumu yangu. Akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Unapanda kwenye barafu?" Nikamwambia ni kama kwenye vumbi, mama. Akanyamaza, kisha akasema, "Leta hiyo mbegu, unaitia nyingi mno."

Tangu siku hiyo kila asubuhi alivaa buti na koti, akatoka barazani kukagua. Dakika tano, kumi, baadaye robo saa. Mwezi wa nne nikiwa zamu ya mchana simu ikalia. Nilishtuka, nikajua ni dharura. Alikuwa ananong'ona kana kwamba mtoto amelala: "Zimeota."

Sisemi madumu yalimponya mama. Alitibiwa na daktari, na wako pia atibiwe. Ila yalimpa sababu ya kutoka kwenye mwanga wa asubuhi, na mwanga huo husaidia usingizi na moyo. Mjue tu kwamba kuanzia kama Novemba hadi Februari jua la huku liko chini mno, ngozi zetu hazitengenezi vitamini D ya kutosha hata ukikaa nje. Muulize daktari wako kuhusu kupima na kutumia vidonge. Na ukimwona mzee wako anakaa dirishani kutwa, hali, hacheki, usiseme ni uzee.

TAHADHARI ZA KIAFYA

Risasi kwenye udongo. Marekani rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978. Kama nyumba yako ni ya kabla ya hapo, udongo wa karibu na ukuta unaweza kuwa nayo, na risasi huharibu ubongo wa watoto. Pima udongo kabla ya kupanda. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota hupima, na majimbo mengi yana huduma kama hiyo. Ukiwa na wasiwasi, tengeneza tuta la mbao lenye udongo safi ulionunuliwa, na osha majani vizuri.

Dawa ya warfarin. Ukitumia dawa hii ya kuzuia damu kuganda, mboga za majani mabichi zina vitamini K inayoipunguza nguvu. Si kwamba usile. Kula kiasi kinacholingana kila wiki, na ukitaka kuongeza bustani ikizaa, mwambie daktari kwanza.

Figo. Mwenye ugonjwa wa figo, hasa anayesafishwa damu kwa mashine, aulize kwanza, kwa sababu mboga nyingi za majani zina potasiamu.

Miguu. Barafu ya barazani imevunja nyonga za wengi. Mwaga chumvi au mchanga, vaa buti zenye meno. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi asikae nje muda mrefu, baridi inaweza kumchoma bila yeye kuhisi.

Udongo wa mifuko. Ufungulie nje au penye hewa, uso mbali, uloweshe vumbi lisiruke, kisha nawa mikono.

Mbegu kutoka nyumbani. Usizifiche kwenye kanga ndani ya sanduku. Marekani hutaka cheti cha afya ya mimea au kibali, na kila mbegu itamkwe uwanja wa ndege. Mbegu za mchicha zinapatikana kwenye maduka ya Waasia na ya Wajamaika, ambako huitwa callaloo. Na wenye kadi ya SNAP, fahamuni kwamba inaruhusu kununua mbegu na miche ya chakula.

WALIO KWINGINE

Canada sehemu nyingi ni kama sisi au baridi zaidi, fuateni ratiba hii au mchelewe kidogo. Uingereza baridi si kali vile, kwa hiyo wavumilivu mnaweza kuwasia Januari na Februari, lakini mchicha na kunde zisubiri mwisho wa Mei au Juni, kwa sababu huko kinachochelewa ni joto. Ndugu wa Muscat na Ghuba, kwenu mambo ni kinyume. Adui wenu ni kiangazi, na mboga husiwa kuanzia Septemba au Oktoba joto likipungua.

Popote ulipo, tafuta tarehe ya kawaida ya jalidi ya mwisho ya mji wako, uiandike ukutani, kisha uhesabu kurudi nyuma: wavumilivu wiki 8 hadi 14 kabla, nyanya wiki 4 hadi 6 kabla, wenye joto wiki 2 baada. Na kama huna ardhi, ulizia viwanja vya bustani za jamii sasa hivi. Vingi huandikisha watu wakati wa baridi, na mwezi wa tano vimeshajaa.

Basi ndugu yangu, leo jioni usilitupe dumu la maziwa. Lioshe, ulitoboe, na kama una mzee ndani ya nyumba, mwite aje akuoneshe unavyotia mbegu nyingi mno.

Afya ni mali. Tukutane tena hapa hapa, Mungu akipenda.